Majibu Yasiyoonekana Kundini

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kukusumbua, na kwamba bado unabishana na redio kila taarifa ya habari inapoanza. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nimechemka, na sitakuficha.

Barua yako nimeipata. Unasema Mkuu wa chuo, mwanafunzi wako wa zamani, amekupigia kulalamika juu yangu, na unaniagiza nimwombe radhi kabla sijapoteza kazi. Sitamwomba, Baba. Nisome mpaka mwisho kabla hujachukua kalamu nyekundu.

Wanafunzi wangu wa jioni unawajua: watu wazima waliorudi kusoma hesabu za sekondari baada ya kazi. Mkuu alipoanzisha masomo ya simu aliamini kinachowakwamisha ni vifurushi tu. Akawanunulia intaneti, nami nikafungua kundi na kutuma maswali wayajibu humo humo, mbele ya wote. Kundi likapoa kama nyumba iliyohamwa. Vifurushi vilitumika vizuri sana, kwa mpira na vichekesho.

Kisha mchomelea vyuma tunayemwita Cheche akakosea kubonyeza. Alitaka kumnong'oneza rafiki yake jibu kwanza, asije akajiaibisha kundini, sauti ikanifikia mimi. Njia ilikuwa sahihi, ila aliteleza kwenye alama ya kutoa. Nikamjibu kwa sauti, nikamwonyesha alipoteleza, na chai yangu haijapoa akarudi na jibu sahihi. Nikamuuliza mbona darasani hukaa kama sanamu. Akasema ubaoni watu wanakusoma mgongo, wanacheka hata kabla chaki haijagusa ubao. Kwenye simu anakosea peke yake, anarudia, na mwalimu hachoki kurudiwa.

Kesho yake nikatangaza kwamba majibu yote yaje kwangu tu, na makosa yanakaribishwa. Baba, walifurika. Hata mlinzi ambaye sijawahi kusikia sauti yake alinitumia swali akiwa lindoni.

Lakini Mkuu akifungua kundi anakuta kimya, anaamua kuwa nala mshahara bila kuufanyia kazi. Anataka kila jibu libandikwe wazi, na majina yapangwe kwa alama, wa kwanza hadi wa mwisho. Nikikataa, nikabidhi ufunguo wa darasa mwisho wa mwezi. Nimekataa mbele ya walimu wenzangu, nao wakazitazama meza zao. Wewe umeniandikia kwamba aibu kidogo humwamsha mwanafunzi. Labda iliwaamsha waliokuwa wameshaanza kufumbua macho. Wangu iliwafukuza shule.

Sasa nifike kwenye gumu zaidi, na mwenyewe ameniruhusu kulisema.

Katika namba zinazonitumia majibu kulikuwa na moja nisiyoijua, yenye picha ya ua. Iliandika kwa ufupi, iliuliza maswali ya kuchimba, haikutaja jina. Wiki iliyopita ikatuma sauti kwa mara ya kwanza. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda, kisha mwanamume akauliza kwa ukali nani amehamisha miwani yake, akajibiwa kwa upole kwamba iko kwenye paji la uso.

Ilikuwa sauti yako, Baba. Aliyekujibu ni Mama.

Vile visikizi vya masikioni unavyodai vimemharibu mkeo uzeeni havina nyimbo. Ni mimi, namfundisha milinganyo, kwa laini mpya aliyoinunua nisimtambue. Amejisajili kwa mtihani wa mwaka huu. Nilimuuliza kwa nini hakukuomba wewe, uliyefundisha hesabu maisha yako yote na kulala naye nyumba moja.

"Baba yako ni mwalimu mzuri," aliniambia, "lakini siwezi kukosea mbele yake."

Sikuandika haya kukuumiza. Nakuandikia ujue ninachokilinda. Mkuu akiuchukua ufunguo, achukue. Simu ni yangu na sauti ni yangu, na hakuna mwanafunzi wangu atakayepangwa mstarini ili achekwe. Ukimkuta Mama anakokotoa, usisimame nyuma yake. Pita tu, hata ukiona kosa. Hasa ukiona kosa.

Wasalimie majirani, na ulitunze goti. Mwambie Mama swali la jana amelipata. Au hapana, Baba, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Nakupenda, na sibadiliki,
Kifungua mimba wako