Chaza Hatembei

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi ziwafikie wewe, wifi na watoto. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mimi afya ninayo, ila usingizi umenikimbia, na nitakueleza kwa nini.

Kazi yetu hapa maabara unaijua. Vile vipande vya nyama unavyozamia kutukatia kutoka kwa chaza wakubwa, wale wazito kama mawe ya kusagia, tunavitoa vinasaba na kuvisoma herufi kwa herufi, tujue nani ndugu wa nani na ukoo upi ulijitenga kwanza. Mkuu wetu ameshikilia kwamba chaza wa mwamba wa nje, kule kwenye kina, ni ukoo wa peke yao ambao hakuna aliyewahi kuutambua.

Basi majibu yalipotoka tulipigwa na butwaa. Chaza wote wa mwamba wa nje walikuwa sawa na chaza mmoja wa pale karibu na gati, bila tofauti hata ya herufi moja. Si kufanana kama ndugu, mdogo wangu, ni kama mtu na picha yake. Na chaza mkubwa akishakaa mahali, hatembei.

Macho yote yakamgeukia mwenzangu, yule tunayemwita Msafi kwa jinsi anavyofuta hata meza isiyo na vumbi. Ndiye anayepokea vichupa na kuvipanga kwenye friji. Mkuu alisema mbele yetu sote kwamba mtu anayemimina dawa huku anaongea na simu atachanganya hata chumvi na sukari. Msafi aliapa hakuchanganya kitu. Sikumwamini. Nilianza kumvizia. Akitoka, nafungua droo yake. Akicheka, najiuliza anacheka nini. Akininyamazia, ndiyo kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, huku nimemkazia macho yeye.

Mkuu akampa mpaka Ijumaa ajieleze, la sivyo afungashe virago. Ndipo nilipokumbuka vichupa vya akiba. Kwa kila chaza wewe hututumia vichupa viwili, na kile cha akiba unakizungushia utepe kwa mkono wako. Msafi hajawahi kuvifungua. Tepe zote zilikuwa nzima. Nilizikata mwenyewe na kazi yote nikaifanya mwenyewe, mlango nimeufunga, nikitafuta ushahidi wa kummaliza. Majibu yakawa yale yale.

Nilikaa kwenye stuli, nikayasoma majibu mara ya pili. Hakuna aliyechanganya chochote. Vipande vyote vya mwamba wa nje vilikatwa kwa yule chaza mmoja wa gatini, na mkataji ni wewe.

Nikampigia wifi, nikijifanya naulizia watoto, nikamchimba polepole. Akaniambia ngoma ya sikio lako la kushoto ilipasuka siku nyingi zilizopita, huwezi tena kuzamia, ukamwapisha asiseme, na kwamba ukiaga unakwenda mwamba wa nje, unaishia kwenye maji ya kiunoni pale gatini. Alilia. Nami nililia, ingawa hasira nazo zilinijaa. Kwa nini hukuniambia? Kazi hiyo nilikutafutia mimi, na ningekutetea mimi. Ukaacha mtu asiye na hatia apigwe mawe, na mimi dada yako nikawa wa kwanza kuokota.

Sasa jambo gumu. Nilitaka nikuandikie kwanza, ukaungame mwenyewe. Lakini najijua: ningekupa siku moja, halafu nyingine, na Msafi angeondoka hivi hivi. Asubuhi hii nimeingia kwa mkuu nikakutaja jina. Msafi amebaki kazini. Wewe huna kazi tena kwetu. Usitafute mchawi, ni mimi.

Mama nisalimie, na tafadhali umweleze wewe kabla hajasikia kwa watu. Jumamosi nakuja kukupeleka kwa daktari wa masikio, utake usitake. Matusi unitukane njiani ukitaka; upande wowote utakaonipa, wa sikio zima au wa lililopasuka, nitakuwa nimekaa hapo hapo karibu nawe.

Ni mimi dada yako, hata kama leo hutaki.