Maelezo ya Mama Sindano Kuhusu Mkwe Wake, Mfalme Pembe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa jaladani. Mtaani huitwa Mama Sindano.
Umri: Miaka 63
Kazi: Muuguzi mstaafu
Makazi: Ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha sabuni

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa goti linaniuma.

Leo Jumamosi, majira ya saa nane mchana, nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka sita kwenye ukumbi wa maigizo kumtazama baba yake kazini. Baba yake ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Katika mchezo huo yeye ndiye mwovu, Mfalme Pembe, mwenye joho jeusi na pembe mbili kichwani. Shujaa anaitwa Ngao, kijana mrefu mwenye joho jekundu.

Siku za nyuma nilimshauri mkwe wangu aombe nafasi ya ushujaa. Alinijibu kwa adabu, "Mama, Ngao akivunja daraja anapigiwa makofi. Mimi nikipiga chafya tu nazomewa. Acha nifanye hii, ndiyo ngumu." Leo nimeona alichokuwa akisema. Ngao alimfukuza Pembe, akabomoa daraja, akapindua soko zima, na watoto wakashangilia mpaka masikio yakaniziba. Mjukuu wangu peke yake ndiye aliyeniuliza, "Bibi, sasa hao wenye soko watauza wapi?" Nilimwambia anyamaze atazame.

Mchezo ulipokwisha tulisimama nje, kando ya lango, tukimsubiri baba yake abadilishe nguo. Ghafla mtu mmoja mtanashati, shati jeupe na tai ya buluu, akanipokonya mkoba na kutimua mbio. Nilipiga yowe. Mkwe wangu alikuwa kwenye mlango wa pembeni akinywa maji, hata pembe hajavua. Alitupa chupa, akakunja joho mkononi, akamfuata.

Mimi si wa kukimbia tena. Nilimshika mtoto mkono tukajikongoja. Tulipofika mbele ya duka la viatu tulikuta umati, wengi wao wametoka ukumbini. Wamemkamata mkwe wangu, mkoba wangu ukiwa mkononi mwake. Mwenye tai alikuwa akijipangusa vumbi na kusema, "Jamani, mtu unatembea zako, unavamiwa na jitu kama hili!"

Baba mmoja mnene, aliyekuwa amekaa nyuma yangu ukumbini, akasema, "Mimi nilijua tu. Kule ndani kaiba taji, huku nje anaiba mikoba."

Ngao naye akafika, joho linapepea. Watu walimpisha na kumpigia makofi. Akasema, "Mwachieni. Huyu ni mwenzangu, na ni mtu mwema kuliko mimi." Makofi yakakatika. Mama mmoja akaguna, "Hee! Kumbe lao moja!" Hapo hapo wakamshika Ngao pia.

Nilipenya katikati nikasema kwa sauti yangu ya wodini, "Mwachieni mkwe wangu! Mkoba huo ni wangu, na aliyeniibia ni huyo mwenye tai."

Baba mnene akaniuliza, "Bibi, una hakika? Hebu zitazame pembe zake." Nikazibonyeza. Zikalala kama masikio ya sungura, maana ni za sponji. Watu wengine wakacheka. Mjukuu wangu akawaambia, "Huyu ni baba. Kazini ndiyo anaitwa Mfalme Pembe." Kisha nikataja vilivyomo kabla mkoba haujafunguliwa: miwani, dawa zangu za presha na soksi moja ya mtoto ninayoifuma. Wakafungua, wakavikuta, wakawaachia wote wawili.

Mwenye tai akaanza kurudi nyuma kimya kimya. Umati ukamgeukia kama upepo. Baba mnene alikwishavua kiatu. Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimeinua mwavuli. Lakini mkwe wangu, ambaye muda mfupi tu kabla alikuwa amekabwa shingo, alisimama mbele ya yule mwizi, akatandaza joho lake jeusi na kumfunika.

Akasema, "Hapigwi mtu hapa. Polisi wameshapigiwa simu, wanakuja."

Baba mnene akamlalamikia Ngao, "Wewe si shujaa? Fanya kitu basi!"

Ngao akajibu, "Nafanya," akaenda kusimama bega kwa bega na Pembe.

Walizomewa wote wawili. Mkwe wangu alinitazama juu ya vichwa vya watu akatabasamu. Kuzomewa amekuzoea. Ngao hakuwa amezoea, lakini hakuondoka. Nikashusha mwavuli, nikaenda kusimama upande wa pili, na mtoto kati yetu.

Askari walipofika waliwakuta mwenye tai, mwenye pembe na mwenye joho jekundu, wakawachukua wote. Siwalaumu, hata mimi ningechanganyikiwa.

Naomba waigizaji hao wawili waachiwe mapema. Onyesho la pili ni saa kumi na moja, na watoto walishalipa kumzomea Mfalme Pembe. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake na kukubali kuwa ni sahihi, isipokuwa neno moja. Ametaka kila palipoandikwa "mkwe wangu" paandikwe "mwanangu". Nimemweleza kuwa jalada linahitaji uhusiano halisi. Amenijibu kuwa huo ndio uhusiano halisi. Waigizaji wote wawili wameachiwa saa kumi na robo. Mwenye tai yupo mahabusu, hana jeraha lolote.