Safu ya Mwisho ya Daftari

Jumamosi, Malolo. Jua kali tangu asubuhi, na upepo unapukutisha maua ya mikorosho. Nimekaa kibarazani na simu ya shangazi.

Ninaogopa.

Mama ana saratani ya titi. Naweza kuiandika, kuitamka bado.

Jumanne anakwenda Dar es Salaam kutibiwa. Hesabu huwa zinanituliza, kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja tu: wanawake wa huku waliougua kama yeye, wangapi bado wako hai? Nikatafuta mtandaoni, wilaya yetu ya Ruangwa. Nikatafuta Nachingwea, kisha mkoa mzima wa Lindi. Nikaletewa bei ya ufuta. Takwimu nilizozipata zilikuwa za nchi za mbali, za wanawake wanaoishi jirani na mashine za kupimia.

Jana hospitali, Mama alipokwenda msalani, nilimuuliza nesi. Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono! Alinitazama, akafungua daftari kubwa, akafunika majina kwa bahasha. Akanionyesha safu ya mwisho, ya matokeo.

Rufaa. Rufaa. Rufaa. Mpaka chini ya ukurasa.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hatujui, mwanangu. Mtu akipona anarudi shambani kwake. Nani atapanda gari kuja kutuambia kapona?"

Kwa hiyo waliopona hawamo. Nilitaka kufurahi, nikakumbuka kwamba na wale wengine hawamo.

Bibi aliposikia Mama amepewa rufaa, aliacha kupepeta mchele. Bibi ni mtu wa Kimwera, Kiswahili chake ni cha sokoni.

"Rufaa? Kwani kashitakiwa na nani?"

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. "Hakuna kesi, mama. Wananipeleka hospitali kubwa."

"Haya. Kashinde, basi," Bibi akasema, akaendelea kupepeta.

Nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Nimeamua. Mama akirudi, kabla hajavua hata viatu vya safari, nitampeleka kwa yule nesi. Nitaomba daftari lifunguliwe, na mbele ya rufaa yake liongezwe neno moja: kapona.

Na asiporudi? Daftari litahitaji neno lile jingine pia. Je, nitaweza kwenda peke yangu kulisema?