Uzito Wangu na Maziwa ya Watoto

Jumatatu, 3 Februari 1975

Kliniki ya watoto. Thelathini na mmoja leo. Kumi na wanne wamevimba miguu na nywele zimegeuka nyekundu. Mmoja kanitapikia kifuani. Nikajifuta kwa khanga, nikaendelea kupima. Njaa imeshika kijiji kizima na mahindi ya msaada bado tunayasikia kwenye redio tu.

Maziwa ya unga yamepungua tena kabatini bila mimi kuyagawa. Funguo za kabati ni mbili: mmoja ninao mimi, mwingine uko kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yoeli, kwa ajili ya dharura. Panya hafungui kopo.

Joto. Jasho limejaa chini ya matiti, likaanza kunuka kabla ya saa nne. Magoti yanawaka moto. Mwaka wa kumi na sita huu nasafisha vidonda na usaha wa watu bila kukunja uso, lakini asubuhi nikijiosha naona kinyaa.

Ijumaa, 7 Februari

Ofisi ya kijiji imebandikwa picha mpya. Mnyonyaji. Tumbo limemtangulia, mashavu kama maandazi, amekanyaga migongo ya wakulima wawili. Chini pameandikwa KUPE. Watoto wa darasa la kwanza waliitazama, wakanitazama mimi, wakacheka. Mwalimu wao naye akacheka, kisha akajikohoza.

Kuna mama mmoja, Mama Nuru. Mwanawe namlisha maziwa yale tangu Krismasi. Leo kasema kisimani, nami nipo nyuma ya mti nafunga kiatu: "Sote tumekonda. Huyu Nesi Tipwatipwa anakula nini?"

Nakula ugali na mlenda, kama yeye. Nilikuwa mnene nikiwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa mnene. Bibi yangu kule Magole alipokufa walipanua kaburi mara mbili. Zamani walinisifu, nesi kanawiri, mumewe anamtunza. Mume kafa, Azimio la Arusha limekuja, na mwili uleule sasa ni wizi. Wananichefua.

Jumatano, 12 Februari

Kamati imeniita. Wajumbe saba, benchi mbili, birika la chai, viazi vitamu. Mimi pia nikapewa kikombe, maana kwetu huwezi kumhukumu mtu mwenye kiu.

Mzee Yoeli kaongea kwa sauti yake ile ya kusoma somo kanisani. Nirudishe ufunguo. Halafu kila Jumatano nipimwe kwa mizani ya pamba. Nikikonda baada ya kunyang'anywa ufunguo, basi maziwa yalikuwa yanaingia tumboni mwangu. Nisipokonda, nimetakasika. "Mizani haina ndugu," kasema. Wote wakaitikia. Hawa ni watu ambao mizani hiyohiyo imewapunja kila msimu wa pamba, bado wanaiapia.

Ni mizani ya kuning'iniza. Wakafunga magunia mawili kama machela, nikakaa, wanaume wanne wakavuta kamba. Miguu ikaachia ardhi. Gauni likapanda. Mmoja alinishika paja akisema ananizuia nisizunguke. Kilo mia moja ishirini na moja.

Nimeoga mara mbili. Mkono ule bado nausikia.

Jumanne, 18 Februari

Kiu. Nimemaliza mtungi mzima tangu asubuhi. Nakwenda chooni kila baada ya dakika chache, na pale ninapokojoa sisimizi wamepanga foleni. Nilijua hapohapo, ila nilitaka kuona kwa macho. Nikachemsha mkojo wangu na ile dawa ya buluu ya kupimia. Ukiwa safi, dawa hubaki buluu. Wangu uligeuka rangi ya tofali.

Sukari. Ndiyo maana gauni limeanza kulegea kiunoni. Sukari ikizidi, mwili unajila wenyewe. Nitakonda kila wiki mbele ya wajumbe saba, nao watashangilia.

Jumatano, 19 Februari

Kilo mia moja kumi na nane. Walitazamana. Mzee Yoeli kaandika kwa wino mwekundu. Nikawaambia ni ugonjwa wa sukari. Mjumbe mmoja akauliza sukari hiyo nimeitoa wapi, maana dukani haijaonekana tangu mwaka jana. Wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Jumamosi, 22 Februari

Mikumi na kurudi. Nimechoka lakini lazima niandike.

Niliposikia kuna daktari mgeni hospitalini, amekuja kupasua kwa mwezi mmoja, nilipanda garimoshi la Kidatu kwenda kuomba vidonge vya sukari. Kupanda kwenyewe ni aibu. Ngazi iko juu, magoti hayakunji, wapagazi wawili wakanisukuma kwa nyuma huku wakiimba wimbo wa kusukuma lori.

Daktari ni mzungu wa makamo, Kiswahili chake cha misheni. Kanipima presha, kanigonga magoti, kaniuliza kama nakoroma na kushtuka kwa kukosa pumzi. Nikasema ndiyo. Kisha akachora utumbo kwenye karatasi, mrefu, umejikunja, na mstari mmoja wa kalamu ukivuka kutoka mwanzoni hadi karibu na mwisho. Kwao wanapasua tumbo, wanaunganisha hivyo, chakula kinapita njia ya mkato na mwili unachukua kidogo. Mtu anakonda. Sukari inashuka.

Nilihisi nimeonyeshwa mlango. Akauona usoni mwangu, akaanza kuufunga nusu.

Si ya kila mnene, kasema. Ni ya mtu mnene kupita kiasi kwa miaka mingi, aliyejaribu kupunguza chakula akashindwa, na ambaye unene umeshaanza kumharibu: sukari, presha, viungo, pumzi. Ninavyo vyote vinne. Si ya anayetaka kiuno cha harusi. Si ya mlevi. Na si ya mtu ambaye hawezi kurudi kupimwa damu maisha yake yote, kwa sababu upasuaji huo una madeni yake. Kuhara kila siku, choo cha mafuta kinachonuka. Chumvi za damu kuporomoka. Mawe kwenye figo. Ini kuharibika. Wengine hufa mezani, wengine hufa baadaye wakiwa wembamba. Hayo nimeyapenda, kwamba hakunificha uchafu wake.

Hapa Mikumi hawezi kuufanya. Mwenzake yuko hospitali kubwa Dar es Salaam, anataka kuanza baada ya Pasaka. Nikikubaliwa, itabidi nihamie Dar, mwaka mmoja au miwili, karibu na maabara. Kisha akaniuliza kwa nini nautaka.

Nikasema: "Ili wanyamaze."

Akaweka kalamu mezani. "Mama, kisu changu hakifiki kwenye midomo ya watu. Nenda kafikiri, uniandikie." Akanipa vidonge vya sukari vya miezi miwili na orodha ya vyakula ambavyo nusu yake havijawahi kufika Kilosa.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kanisani. Mzee Yoeli ndiye msomaji.

Nimefikiri. Nikienda Dar sasa, nimetoroka. Nikirudi mwembamba, ushahidi umekamilika: mnaona, katengwa na maziwa, kaisha. Nikikonda ni mwizi, nisipokonda ni kupe. Na nikibaki, magoti na pumzi vitanimaliza hapahapa, wachimbe kaburi la mara mbili.

Nimewachukia leo mmoja mmoja, kwa majina.

Jumatano, 26 Februari

Mia moja kumi na sita. Wameridhika. Hukumu itasomwa kwenye mkutano wa kijiji Jumatano ijayo, barua ya kunifukuza itafuata wilayani.

Kikombe changu cha chai kikaletwa. Vidonge vimeniharibu tumbo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza sikunywa, nilikishika tu mkononi nikakitazama. Cheupe. Chai nzito ya maziwa, na juu utando wenye madonge madogo ya unga ambao haukuyeyuka.

Kijiji hiki hakina ng'ombe. Mbung'o wamewamaliza wote, na wafugaji wanaopita wanakaza mwendo. Hakuna maziwa ya ng'ombe hapa tangu tuhamishiwe. Na chai ya kamati imekuwa nyeupe tangu Novemba.

Nilitoka nyuma ya ofisi nikatapika. Maana tangu Novemba, kila kikao nilichokwenda kutoa taarifa ya kliniki, mimi pia nilikunywa. Vikombe viwili, mara nyingine vitatu. Nesi wa watoto. Sikuuliza. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafuta midomo.

Jumamosi, 1 Machi

Sijamwambia mtu. Nikisema, nimejitaja na mimi. Kamati watasema: si mnaona, kakiri mwenyewe. Nikinyamaza, naweza kumwandikia daktari leo, nipande gari la moshi, niwaache na birika lao. Dar hakuna anayenijua.

Uoga huu unanuka kuliko kitu chochote nilichowahi kusafisha.

Jumatatu, 3 Machi

Kaletwa mtoto kutoka upande wa Chanzuru, miezi kumi, kilo nne. Nimekwenda kwa mwenyekiti kuomba kabati lifunguliwe. Kaniambia maziwa yamekwisha. Mtoto kafia mapajani mwa mama yake kabla uji haujapoa.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano. Watu wote, hata vikongwe. Wakanining'iniza mbele yao: mia moja kumi na tano. Makofi.

Nikaomba kusema. Nikawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, maana hilo hawawezi kumnyima hata mwizi. Kisha nikauliza ng'ombe wa kijiji anakaa wapi.

Watu wakacheka. Nesi kachanganyikiwa. Nikauliza tena: kama hakuna ng'ombe, chai ya kamati inakamuliwa wapi? Nikasema mimi nimeinywa, vikombe viwili kila kikao, na sikuuliza, na hiyo ni dhambi yangu. Jasho lilinitiririka mgongoni. Sikujali.

Kisha Mama Nuru akainuka. Akaingia ofisini, akatoka na birika, akaimimina chai chini mbele ya meza. Nyeupe. Ikachelewa kuzama kwenye udongo. Wanawake wengine wakaenda jikoni kwa mwenyekiti bila kuagizwa, wakarudi na makopo sita, matupu, mkewe akiwa nyuma yao amejifunika uso.

Nilitegemea Mzee Yoeli akane. Hakukana. Alionekana kushangaa tu. "Lakini ilikuwa chai ya kikao," kasema. "Tuwape wajumbe strungi isiyo na maziwa? Na wageni wa wilaya?" Hakuona wizi. Aliona heshima ya meza. Nyani haoni kundule, na mimi siku zote nilikuwa nimekaa naye tawi moja.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudishiwa ufunguo, na ule wa dharura pia. Mizani imerudi kwenye ghala la pamba. Mwenyekiti kasimamishwa mpaka wilaya waje. Hakuna aliyeniomba radhi. Mjumbe aliyenishika paja kanipitia njiani, akasema kwa furaha, "Kumbe nesi ni unene wa asili!" Kana kwamba kanizawadia kitu. Nilitamani kumtemea mate.

Nilidhani jina likisafika nitalala. Nimeshtuka mara tatu, koo limefunga, natafuta hewa kama ninayezama. Magoti asubuhi hayakukubali kuchuchumaa chooni. Kijiji kimenyamaza na mwili bado unauma vilevile.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wagonjwa wachache.

Nimemwandikia daktari. Nimemwandikia sukari, tangu lini. Presha. Magoti. Pumzi. Nimemwandikia pia kwamba naelewa kuhusu kuhara, na ini, na wanaofia mezani, na kwamba nitakaa Dar muda wote atakaosema mwenzake. Ukurasa mmoja tu. Nimeusoma mara mbili, sikuona mtu mwingine ndani yake.

Mchana Mama Nuru kaja na mtoto. Kaongeza robo kilo. Nikamwambia nikiitwa nitaondoka baada ya Pasaka, nakwenda kupasuliwa, atakuja nesi mwingine. Akamfunga mtoto mgongoni polepole, akakaza fundo, akalikaza tena.

"Utarudi?"

Nikamwambia sijui. Akabaki amekaa kwenye benchi mpaka mvua ikapungua, nami nikaendelea kuosha vijiko.