Maman Lieve Alinyamaza Mulangoni

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo. Nadine akaingia bila kusalimia. Mujukuu yangu huyu ni infirmière hospitalini, anavaa blouse nyeupe, anaokoa watu usiku kucha. Ameona nyumba ya kupanga mutaa wa Auderghem, karibu na msitu. Kwenye simu walimwambia iko wazi. Kufika pale, mwenye nyumba akamwona uso, akasema imechukuliwa asubuhi.

Uongo. Niliujua uongo huo kabla mama yake hajazaliwa.

Alikula kidogo sana. Nimekasirika mpaka sombe ikaungua chini.

Jumamosi wanaweka kibao cha kumkumbuka marehemu Papa Anselme kwenye ukuta wa salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa letu, hapa Ixelles. Commune yenyewe, serikali ya mutaa, inakuja. Tumeshona vikwembe vya namna moja, kijani. Na juma hilohilo mutoto wetu anafungiwa mulango. Papa Anselme angecheka vibaya.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Nimefikiria siku nzima.

Mimi sikusoma. Hizi herufi alinifundisha Papa Anselme, kwenye meza hii ya jikoni, nikiwa tayari na mvi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa milango. Alikuwa na njia yake. Muzungu anatangulia kuuliza kama nyumba iko wazi. Kisha mweusi anauliza. Wakimdanganya mweusi, wote wanarudi pamoja, wanasimama mbele ya mwenye nyumba. Na pale mweusi ndiye anasema. Muzungu ananyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Muzungu wangu alikuwa Maman Lieve. Mara ya kwanza alivunja sheria. Alisema yeye tu, akalia, mwenye nyumba akamletea maji! Mimi nikabaki nimesimama kama mwavuli. Papa Anselme akamwambia: "Maman, machozi yako yamekaa kwenye kiti cha huyu mama. Yaondoe." Maman Lieve akakasirika. Kesho yake akarudi nasi kwa mwenye nyumba, akanyamaza. Ndiyo maana nina nyumba hii.

Nimempigia simu Maman Lieve. Atakuja.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Ugomvi. Nadine hataki.

"Koko, nimezaliwa hapa. Sitaki muzungu aniombee nyumba kama mutoto wa chekechea."

Nikamwambia hakuna anayeomba. Akasema hayo ni mambo ya zamani. Nikamwambia, kama ni ya zamani, mbona ulikuja hapa juzi na macho mekundu? Akasema tena, kwa nini akae kwa muntu asiyemtaka. Nikamwambia: "Yeye hakai pale. Utakaa na kitanda yako na jua yako. Unamwachia jua?"

Akafunga mulango kwa nguvu. Vikombe vikalia.

Nimeumia. Nimesali vibaya, kwa hasira. Mungu amezoea.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Maman Lieve amekuja na bus, na fimbo yake. Amezeeka, lakini midomo bado imepakwa rouge. Nikamwambia: enda tu Auderghem, uulize, Nadine atakubali akiona kazi imekwisha.

Akakataa. Mimi, katika nyumba yangu, kukataliwa!

"Ni mulango yake," akasema. "Nangoja aseme yeye."

Akakaa. Akanywa chai, akangoja mpaka Nadine akatoka kazini. Nadine akamwangalia juu mpaka chini.

"Madame Lieve, wewe unafanya nini hasa?"

"Nauliza kama nyumba iko wazi. Kisha nasimama kando yako."

"Basi?"

"Basi. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Uliza koko wako, mimi nina mdomo."

Nikasema ni kweli, mdomo anao. Nadine akacheka. Ile cheko ya mama yake. Akasema bon, tuende.

Lakini juma hili mwenye nyumba anaonyesha tena Jumamosi asubuhi tu. Siku ya kibao. Nikasema kibao kitangoja.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Nimechoka lakini nitaandika.

Tulienda, wote watatu. Mimi na kikwembe changu kijani. Maman Lieve akatangulia. Alionyeshwa jikoni, bafu, mpaka cave chini ya nyumba. Iko wazi, madame, karibu sana, bwana akamwambia. Kisha Nadine akapiga kengele. Akajibiwa: pole, imechukuliwa.

Tukatokea nyuma ya Nadine, mimi na Maman Lieve.

Nadine hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema na mugonjwa mubishi.

"Bwana, huyu mama umemwambia iko wazi. Mimi umeniambia imechukuliwa. Sisi wote tuko hapa. Kweli ni ipi?"

Yule bwana akawa mwekundu. Akaanza kujieleza, lakini kwa Maman Lieve. Madame, uelewe, madame, majirani. Maman Lieve hakujibu. Akaonyesha Nadine kwa kidevu. Bwana akaendelea kumwambia yeye. Maman Lieve akaonyesha tena. Niliona maneno yamemjaa mdomoni. Aliyameza yote. Mwisho yule bwana hakuwa na pa kuangalia, akageuka kwa mujukuu yangu.

"Mademoiselle," akasema.

"Nakusikiliza," akasema Nadine.

Mbele ya mashahidi wawili, akasema iko wazi. Walitia sahihi mkataba mezani, jikoni. Mikono ya bwana ilikuwa na jasho. Ya Nadine ilikuwa mikavu.

Tulifika Ixelles tumechelewa. Mama wa commune alikuwa tayari na micro ya kusemea. Akamwita Maman Lieve mbele: rafiki mukubwa wa Papa Anselme atuambie neno. Maman Lieve akatikisa kichwa. Mama wa commune akakasirika kidogo.

Nadine akasimama. Hakuna aliyemtuma. Akachukua micro, akasimulia mulango wa asubuhi, wote, mpaka kidevu. "Nilidhani Papa Anselme ni wa zamani," akasema. "Leo asubuhi alikuwa na sisi."

Wamama wakapiga vigelegele mpaka padri akaziba sikio. Nikavuta kitambaa kilichofunika kibao. Jina la Papa Anselme. Nilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, zilezile alizonipa.

Nilijiambia sitalia. Nililia. Kwenye kiti changu mwenyewe.

Nyuma, Maman Lieve alikuwa anaosha sahani na wamama, anabishana juu ya sabuni. Sasa anasema sana!

Jumapili, tarehe 1 Juni

Baada ya misa nilienda kwa Nadine, Auderghem, peke yangu. Nilibeba sombe, haikuungua. Kulikuwa na jua. Miti inanuka vizuri kule.

Majina ya wapangaji yameandikwa kando ya kengele. Nikatafuta na kidole. La tatu ni letu.

Nikabonyeza.

"Ni nani?" Nadine akauliza ndani ya ile chuma ya kengele.

"Ni mimi."

Mulango ikafunguka.