Mfungulie Maganga Sanduku

Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje huko Kisarawe, bado unakusumbua ukiinama? Mimi mzima, ila joto la huku linanikausha kama dagaa, na hawa vibarua ninaowapikia wanakula utadhani kesho hakuna.

Mama, mdogo wangu Tatu kanipigia simu kutoka Tangini. Eti siku ya hitima ya kaka Shabani umemfukuza Mzee Maganga kwa mwiko! Mtani wetu, Mnyamwezi wa watu! Najua alichofanya. Alivaa viatu vya jeshi vya marehemu na bereti yake, akampigia shehe saluti, akawaamuru wapishi walale kifudifudi maana adui anakuja, na shangazi Mwanahawa akalala kweli. Pilau likaungua. Sasa umevifungia vitu vyote sandukuni, ufunguo umeufunga kwenye pindo la kanga, na umeapa hatavigusa tena.

Una haki ya kukasirika. Lakini kumbuka siku walipotuletea mwili kutoka vitani Kongo. Ulikuwa hunywi hata maji. Maganga akavaa viatu hivyo hivyo, akajilaza mlangoni, jeneza halitoki mpaka apewe jogoo! Maofisa wa jeshi wakabaki kukodoa macho, hawajui wamruke au wampigie saluti. Ukacheka, mama. Nilikuona.

Nikuambie ukweli: namsahau kaka, na inaniuma. Picha uliyonipa nimeibandika juu ya kitanda, lakini humo amesimama tu, kakauka. Ule mwendo wake, mguu wa kulia umegeukia nje, mkono wa kushoto umegoma kusogea, unanitoka kichwani. Juzi nilijaribu kutembea kama yeye humu jikoni. Wallahi, mpishi mwenzangu alinifuata na dawa ya goti!

Maganga ndiye pekee anayeupatia mwendo wake. Mfungulie sanduku, mama, avae, Tatu anirekodie kwa simu. Viatu vikipasuka, vipasuke. Humo sandukuni panya watavila bure.

Nisalimie baba mdogo wa Mlandizi, shangazi Mwanahawa, watoto wa Tatu na jirani yako anayenichagulia wachumba bila kuniuliza.

Nataka nimwone kaka akipita uani, mama, mara moja tu, hata kama ndani ya viatu yumo Mnyamwezi.

Ni mimi binti yako,
Zena