Nyota Mbele ya Mkate

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na hicho kikohozi. Nakala za tasnifu yangu ulizonichapia zimefika, kurasa safi kabisa. Lakini Baba, nyota ziko wapi?

Mbele ya *hlaibaz, mkate katika lugha iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, niliweka alama ya nyota. Hakuna aliyewahi kuliona neno hilo limeandikwa. Tumeliunda upya kwa kuwatazama watoto wake, loaf la Kiingereza na Laib la Kijerumani, kama unavyomjua babu kwa pua za wajukuu. Nyota ndiyo inayokiri hivyo. Bila nyota nimedai nimeliona kwa macho yangu, na mtahini mmoja ameshaniita mzushi. Nasimama mbele ya jopo tarehe ishirini na tano. Nani kakosea huko kiwandani?

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimepoa. Miaka thelathini na minne napanga herufi, sijaangusha hata nukta. Hebu itazame vizuri rasimu yako, nyie wasomi mna haraka.

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo. Rasimu ninayo mkononi. Nyota mia mbili na kumi na saba, zote zipo. Wakinifukuza, miaka sita imekwenda na maji, na jina la mzushi halifutiki. Nataka barua ya kiwanda ikiri kosa. Nakuomba, na nina hasira huku nakuomba.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Yangu nilikuficha. Nyota niliziacha mimi. Tangu mwaka jana macho yananidanganya, kila karatasi naiona ina madoa, basi alama ndogo nisiyoiamini naiita uchafu, naipita. Nilinyamaza kwa sababu meneja akijua, nafungasha virago.

Juzi nimemwambia yote. Barua yake yenye mhuri hii hapa. Alinipa mkono, akanitakia mapumziko mema ya kustaafu. Nililia pale kwenye ngazi, usinicheke.

Nakala moja iliyochapwa ilibaki kwangu; nimeketi nayo siku tano, na ile rasimu uliyonipa niipange na kioo cha kukuzia, nikazirudisha nyota kwa kalamu, moja moja. Nakutumia uwaonyeshe watahini. Nimehesabu mara tatu, zinafika mia mbili na kumi na sita. Hiyo moja nimeitafuta mpaka kichwa kinauma, siioni.

Iweke wewe, mwanangu.

Baba yako